Neno Juu ya Ushuru na Magendo



Mwalimu mmoja wa usharika ulio karibu na mpaka alitujia mwezi uliopita. Akaketi, akanywa chai yake yote pasipo kusema neno la maana, ndipo akalitoa lililomleta. Alisema: "Naliwafundisha vijana wa kipaimara amri ya saba, nikawauliza: Mtu avushaye mizigo usiku kwa njia za panya, je, aivunja amri hii? Akasimama kijana mmoja, hodari wa kusoma, akajibu: La, Mwalimu. Mahindi ni ya baba yangu, ameyalima mwenyewe. Sukari anayorudi nayo ameinunua kwa fedha yake. Na pikipiki ni ya mjomba. Basi ni nani tuliyemwibia? Nami nikatafuta la kumjibu nisilipate, nikawaambia tufunge kwa sala." Kisha mwalimu akatutazama, akangoja.

Nasi hatukumjibu siku ile. Sababu moja ni kwamba swali lenyewe ni zito. Sababu ya pili tutaieleza mbele, nayo yatuaibisha.

Kijana yule si mpumbavu wala si mwovu. Amesema waziwazi neno ambalo wazee wengi wanalo moyoni. Watu wasioweza kuchukua kuku wa jirani hata wakiwa na njaa, huvusha magunia mpakani usiku, na asubuhi huja ibadani na dhamiri nyeupe. Yafaa tuulize kwa nini. Tukiyapima maneno yao twaona kwamba hoja zao ni tatu, wala hakuna hata moja iliyo ya kuchekwa.

Kwanza wasema: Mpaka huu si wetu. Na kweli, hatukuuchora sisi. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walipatana huko Ulaya, wakapiga mstari tangu mdomo wa mto Umba hata Ziwa Jipe, ukapita kati ya Taveta na Uchagga, ukazunguka mlima wa Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini, ukaenda mpaka Ziwa Viktoria. Hakuna mzee wa Kidigo, wala wa Kimasai, wala wa Kikuria aliyeulizwa. Hata leo mtu ana shamba upande huu na kaburi la babu yake upande ule.

Hayo yote twayakubali. Lakini tukumbuke pia kwamba mwaka 1964 wakuu wa nchi zetu, zikiwa huru, walikutana Cairo, wakakubaliana kuishika mipaka waliyoikuta siku ya uhuru, maana waliona kwamba kuanza kuisogeza kungeleta vita pasipo mwisho. Tena, hata boma lililo kati ya mashamba mawili huenda liliwekwa na mababu waliogombana. Lakini leo kwa boma lilo hilo twajua ni nani apaliliaye wapi. Mpaka nao ni vivyo hivyo. Waonyesha ni mfuko upi ujazao hospitali ipi, na ni barabara ipi itengenezwayo na nani. Mstari ulichorwa na wageni, bali watoto wasomao katika shule zilizo nyuma ya mstari ni wetu sisi.

Pili wasema: Hatumwibii mtu, tunaikwepa serikali, na serikali si mtu. Hapa ndipo penye moyo wa jambo lote, nasi twaomba msomaji avumilie tuhesabu pamoja.

Nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ziliunganisha forodha zao tangu mwaka 2005. Bidhaa zitokazo nje ya Jumuiya hutozwa kwa viwango vilivyokubaliwa: malighafi nyingi hazilipi kitu, bidhaa zisizokamilika hulipa asilimia 10, na vitu vingi vilivyo tayari kwa matumizi hulipa asilimia 25. Tangu mwaka 2022 kuna na kiwango cha asilimia 35 kwa baadhi ya vitu ambavyo viwanda vyetu vyaweza kuvitengeneza. Basi fikiri habari ya wenye maduka wawili mtaani. Mmoja alinunua kitu kwa shilingi 100, akalipa ushuru wa shilingi 25. Hawezi kukiuza chini ya 125 asipate hasara. Wa pili alikipitisha usiku. Akikiuza kwa 115 apata faida, na watu wamsifu kwa wema wake. Mwaka haujaisha, yule wa kwanza amefunga duka lake. Je, huyo si mtu? Jina lake twalijua, na watoto wake twawajua.

Wala mambo hayaishii hapo. Serikali iliyokosa fedha mpakani haiachi kuzitafuta. Huzitafuta mahali zisipoweza kujificha. Huongeza kodi juu ya mafuta, juu ya sabuni, juu ya vitu ambavyo havina njia za panya. Mjane anunuaye kipande cha sabuni hana mlango wa nyuma, hulipa. Au tuseme fedha hazikupatikana kabisa: ndipo mama mjamzito afika kituo cha afya aambiwe dawa zimekwisha. Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo, na kila abanduaye husema kwamba kipande chake ni kidogo.

Kwa hiyo twasema hivi, na neno hili ndilo tulilotaka kulisema katika barua hii yote: mzigo tunaoukwepa hauanguki chini. Mzigo wa ushuru tukiutua kichwani petu, huenda ukakaa juu ya kichwa cha mtu mwingine, na mara nyingi huyo mwingine ni mnyonge kuliko sisi. Tofauti yake na kuku wa jirani ni moja tu: jirani aliyeibiwa kuku twamwona uso, na huyu hatumwoni.

Tena forodha si kazi ya kukusanya fedha peke yake. Pale mpakani hutazamwa mambo ambayo jicho la mnunuzi haliwezi kuyaona: dawa zisizo na nguvu, mbegu zenye ugonjwa, silaha, pembe za ndovu, nafaka yenye sumukuvu. Mwaka 2004, katika sehemu za mashariki ya Kenya, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Mahindi yale hayakuwa ya magendo; wengi walikula waliyoyavuna wenyewe wakayahifadhi yakiwa na unyevu. Lakini msiba ule ulitufundisha kwamba gunia laweza kuwa zuri kwa macho na kuwa kifo ndani yake. Apitishaye gunia lisilopimwa hasemi uongo juu ya fedha tu. Awaahidi wale watakaokula jambo asilolijua.

Tatu wasema: Watoza ushuru wenyewe ni wezi. Hili nalo halikuanza leo. Katika Injili mtoza ushuru ametajwa pamoja na wenye dhambi, kana kwamba ni neno moja. Walakini tuangalie vema jinsi walivyotendewa. Yohana Mbatizaji, walipomwuliza la kufanya, hakuwaamuru waiache kazi. Aliwakataza kutoza zaidi ya ilivyoagizwa. Zakayo aliahidi kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Basi ubaya haukuwa katika meza ya ushuru, bali katika mkono uliochukua mno. Nasi twaongeza neno moja chungu: mkono ule hauna nguvu pasipo mkono wa pili uutiao kitu. Ofisa aliyeharibika alifika kazini siku ya kwanza akiwa kijana kama vijana wetu. Mtu mmoja alimfundisha, usiku mmoja, kwamba macho yake yana bei. Mara nyingi mwalimu huyo alikuwa mwenye mzigo.

Hata hivyo hatutakuwa waaminifu tukiwahubiri wenye vikapu peke yao tukawaacha wenye mamlaka. Maana neno lile lile la mzigo lawahusu na wao. Sheria isiyo ya haki nayo huwatwika wanyonge mzigo usio wao, nayo huzaa magendo kama maji yaliyotuama yazaavyo mbu.

Wazee wetu wakumbuka. Jumuiya ya kwanza ilipovunjika mwaka 1977, mpaka wa Tanzania na Kenya ulifungwa, usifunguliwe mpaka Novemba 1983. Katika miaka ile sabuni, sukari na mafuta ya kula viliadimika madukani upande wetu, na njia za panya zikawa pana kuliko barabara. Mwaka 1983 Waziri Mkuu Edward Sokoine aliongoza vita juu ya walioitwa wahujumu uchumi, ikatungwa sheria kali, na watu kwa hofu wakatupa bidhaa vichakani na mitoni. Walanguzi wakubwa walikuwapo kweli, nao waliwaumiza watu. Lakini mama aliyekamatwa na miche mitatu ya sabuni, je, tumwite kwa jina lile lile?

Huko Uganda mambo yalikuwa mabaya zaidi. Baridi kali iliiharibu mibuni ya Brazil mwaka 1975, na bei ya kahawa ikapanda sana duniani katika mwaka 1976 na 1977. Mkulima wa Uganda alilipwa kidogo na bodi ya serikali, na ng'ambo ya mpaka, chini ya mlima wa Elgon, palikuwa na soko la Chepkube lililolipa vizuri. Basi kahawa ikavuka. Idi Amin akaweka kikosi cha kuzuia magendo katika Ziwa Viktoria chini ya Mwingereza Bob Astles, na amri ya kupiga risasi. Watu wakafa majini, na kahawa haikuacha kuvuka.

Linganisha na habari ya Pemba. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilivushwa kwa mashua usiku kwenda pwani ya Kenya, wala vitisho havikuzizuia. Mwaka 2011 serikali ya Zanzibar iliinua sana bei ya kumlipa mkulima, ikashika shabaha ya kumpa asilimia 80 ya bei ya soko la dunia. Na magendo yale yakapungua sana. Mwenye shamba hakuwa ametubu kwa ghafula. Alikuwa amelipwa jasho lake.

Na juu ya mahindi, ambayo ndiyo kijana wetu aliyataja, tuseme kweli. Serikali ilipokataza mahindi kutoka nje ya nchi, kama ilivyofanya mwaka 2011 na tena mwaka 2017, ilitaka watu wa nchi wasife njaa, na nia hiyo ni njema. Lakini ni nani aliyeilipia nia hiyo? Mkulima, aliyelazimika kuuza kwa bei ya chini ili mji ule. Ikiwa taifa lataka kulisha mji, na taifa zima lilipe, si mtu mwenye jembe peke yake. Atawalaye akisahau hili, atawalaumu watu kwa kufuata njia ambayo yeye mwenyewe amewachimbia.

Lakini je, dhuluma ya sheria yampa mtu ruhusa ya kuvuka usiku? Twadhani haimpi. Mahali penye njaa kuu, ambapo mtoto atakufa, hatuwezi kumhukumu mzazi, na Mungu amjua. Lakini magendo mengi tunayoyaona hayatoki katika njaa. Yametoka katika hesabu ya faida. Adhulumiwaye na aseme mchana: katika mkutano wa kijiji, katika chama cha ushirika, kwa diwani na mbunge wake. Asemaye mchana huwatetea na wenziwe. Apitaye usiku hujiokoa peke yake na kuwaachia wengine sheria mbaya vile vile ilivyo.

Tena kuna jambo ambalo watu wetu wengi hawalijui, nasi walimu twastahili lawama kwa kutowaambia. Mfanya biashara mdogo, mwenye vitu vilivyolimwa au kutengenezwa katika nchi za Jumuiya na vilivyomo katika orodha iliyokubaliwa, thamani yake isipozidi dola 2,000 za Marekani, aweza kupewa pale pale mpakani cheti rahisi cha uasili wa bidhaa, wala hatozwi ushuru wa forodha. Na katika mipaka kama Holili na Namanga siku hizi maofisa wa nchi zote mbili hukaa mahali pamoja, mtu asisimame mara mbili. Basi mama mwenye kikapu cha vitunguu aingiaye porini usiku, akihatarisha mwili wake kwa fisi na kwa watu walio wabaya kuliko fisi, mara nyingine akimbia deni ambalo hadaiwi. Yeye haogopi sheria. Aogopa sare na kelele. Hilo laonyesha ofisa amfanyieje mama yule, nalo laonyesha kanisa limfundishe nini.

Sasa tuitimize ahadi yetu, tuieleze ile sababu ya pili.

Miaka kadhaa iliyopita tulialikwa na ndugu zetu wa ng'ambo ya mpaka katika siku ya kuweka wakfu kanisa lao. Wakati wa kurudi tulinunua huko majora manne ya kitambaa cha zambarau, kilichotoka nchi za mbali, kwa ajili ya joho za kwaya, maana bei ilikuwa nafuu. Tukayaweka chini ya kiti cha gari. Ofisa wa zamu alikuwa kijana. Aliiona kola yetu, akasema: "Shikamoo, Mchungaji. Umebeba nini?" Tukajibu: "Marahaba, mwanangu. Ni vitu vya kanisa tu." Kwa maneno jibu lile lilikuwa kweli, na ndani yake lilikuwa uongo mtupu. Akasema: "Haya pita, Mchungaji, utuombee." Nyuma yetu alisimama mama mmoja mwenye vikapu viwili na mtoto mgongoni. Gari likiwa linaondoka tulisikia sauti ya ofisa yule yule, nayo imegeuka: "Wewe mama, mwaga vyote chini."

Krismasi ile kwaya iliimba ikiwa na joho mpya, na washarika wakafurahi. Sisi tulikuwa tukiviona vile vikapu. Maana siku ile kazi ya upekuzi ilikuwapo, na mtu wa kupekuliwa alitakiwa. Tulipojiondoa kwa kola yetu, tulimwachia yeye peke yake.

Baada ya sikukuu tulirudi mpakani na karatasi ya mwuzaji, tukaeleza, tukalipa ushuru na faini. Ofisa aliyetuandikia stakabadhi alikuwa mwingine. Hakutucheka wala hakutusifu, ila alituuliza mara mbili kama tuna hakika. Fedha yote ilikuwa pungufu ya nauli ya kwaya kwenda mashindano ya mwaka ule. Tukarudi nyumbani, tukawaambia wazee wa usharika. Lakini mama yule hatukumwona tena, wala hakuna meza ya kupokelea deni lake.

Ndiyo sababu tulinyamaza mbele ya mwalimu. Sasa tumjibu.

Ndugu Mwalimu, usimwambie kijana yule kwamba yeye ni mwizi. Mlango wa moyo wake utafungwa, nawe utakuwa umeshinda neno na kumpoteza mtu. Mshukuru kwanza kwa kuuliza, maana wakubwa wake hawaulizi. Kisha mtembeze. Mpeleke kwa mwenye duka aliyefunga, ampe habari. Mpeleke kituo cha afya, atazame kabati la dawa. Mwonyeshe cheti cha biashara ndogo jinsi kipatikanavyo, akamweleze baba yake, ili kile kiwezacho kupita mchana kipite mchana. Na ikiwa baba anaonewa katika bei ya mahindi, uende pamoja naye kwenye mkutano, ukaseme naye; usiishie kumhubiria.

Mwisho, mkiwa wawili peke yenu, mwulize kwa upole jambo moja. Alisema mahindi ni ya baba, na pikipiki ni ya mjomba. Basi ni nani aiendeshaye usiku, pasipo taa, katika njia yenye mawe na korongo, ili asionekane? Wenye mali wamelala. Huenda akakaa kimya. Huenda ukauona uso wake ukibadilika. Maana aliuliza ni nani aliyeibiwa, na katika hesabu yake alikuwa amewasahau wengi; lakini wa kwanza aliyesahauliwa ni yeye mwenyewe.

Nasi tulio na kola, na walio na sare, na walio na malori, tukumbuke kwamba mpakani watu husimama kwa mstari mmoja. Kila apitaye kwa upande, yuko aliye nyuma yake.

Ndimi ndugu zenu katika kazi moja.